Watu Kumi na Watano

Mama Mdogo alifariki siku ya Jumanne, na Alhamisi asubuhi wachimba kaburi wakakataa kuchimba. Habari hiyo ilinikuta Kisumu, kwenye hoteli ninakofanya kazi kando ya ziwa, nikiandika kwa chaki samaki wa siku hiyo kwenye ubao wa nje. Aliyenipigia simu ni Mama Apiyo, jirani yetu kule nyumbani karibu na Luanda Kotieno, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akianza simu kwa salamu. "Awuor, kuja leo, usingoje kesho," alisema. "Nyar Sakwa aliacha neno juu ya kaburi yake, na hiyo neno imeshinda wazee." Nyar Sakwa, binti wa Sakwa, ndilo jina ambalo watu wazima walimwita Mama Mdogo kwa sababu alizaliwa upande wa Bondo. Kwangu alikuwa mke wa pili wa marehemu baba. Hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo mimi na kaka yangu Omolo tulikuwa watoto wake pia. Nikauliza ni neno gani hilo. Mama Apiyo akasema alitaka azikwe upande wa kulia wa nyumba yake, kule chini karibu na lango. Nikaweka chaki chini. Kwetu mwanamke huzikwa upande wa kushoto wa nyumba yake na mwanamume kulia, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua, na wazee walikuwa wamekaa tangu alfajiri wakishangaa kwa nini mama mwenye akili zake atake kulala mahali pa mwanamume. Mimi sikushangaa. Upande wa kushoto wa nyumba yake unaelekea kwa Mama, mke wa kwanza, mama aliyenizaa, na kaburi la Mama liko huko. Mama Mdogo alikuwa akimkimbia. Sababu yake ya kumkimbia ilikuwa uongo, nami nilikuwa nimeijua kwa miaka mitatu, na ningeweza kuimaliza kwa maneno machache kabla hajafa. Sikuyasema.

Mwaka wa korona nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikikaa chumba kimoja mtaa wa Nyalenda na kufanya kazi hotelini hapohapo. Watu wa Kisumu waliipokea korona kama mgeni ambaye hakualikwa: hawakumfukuza, lakini pia hawakumvutia kiti. Mwanzoni tulisema ni ugonjwa wa watu wanaopanda ndege. Kisha ukawa ugonjwa wa Nairobi. Ulipokaribia tukasema joto letu litaumaliza. Namkumbuka mteja mmoja aliyekuwa akila kichwa cha samaki mbuta na pilipili mpaka jasho likamtoka, akimwambia mwenzake, "Mimi hii pilipili nakula tangu niwe mdogo. Sasa hiyo korona itapitia wapi?" Mwenzake akamjibu bila kuinua macho, "Kwa pua." Yule akafikiri kidogo, akasema, "Kwa pua nako kuna moshi ya kuni. Haiwezi." Tulicheka wote, hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na mtungi wa maji na sabuni, nikiwalazimisha watu wanawe. Wiki iliyofuata tukaambiwa hakuna mtu kula akiwa ameketi hotelini. Na nani atabeba samaki mzima na ugali kwenye karatasi aende akale amesimama? Bosi alifunga, akatuambia turudi kwetu tungoje simu yake. Nilifunga virago vyangu viwili, nikaenda nyumbani kwa mama zangu wawili, nikidhani ni mapumziko.

Nyumbani korona ilikuwa na sura nyingine. Wavuvi walisema haiwezi kuvumilia harufu ya omena, wale dagaa wa ziwa letu. Akina mama wazee walikasirika ukiwanyima mkono, walikuuliza, "Umesoma mpaka unaogopa kiganja changu?" nawe ukautoa tu. Barakoa ilikuwa kitu cha kumwonyesha polisi, ikikaa mfukoni pamoja na kitambulisho. Ofisi ya naibu wa chifu ilikuwa na barakoa moja ya kitenge iliyotundikwa kwenye msumari mlangoni. Mtu akija na shida yake aliivaa, akaingia, akasema shida, akatoka, akaitundika, mwingine akaivaa. Naibu wa chifu mwenyewe alikuwa mtu mwema aliyechoka, na siku moja nilipokwenda kumjazia Mama fomu fulani aliona mwandiko wangu. Alikuwa na kazi iliyomtoa jasho. Serikali ilisema mazishi yawe ya watu kumi na watano tu, yafanywe asubuhi, kusiwe na mkesha wala chakula, na majina yaletwe ofisini kabla. Hebu waambie Wajaluo wamzike mtu wao wakiwa kumi na watano. Kwetu hata kuku akifa anaweza kupata watu kumi na watano. Akaniomba nimsaidie kuandika orodha, na mimi, ambaye sikuwa na kazi, nikakubali.

Niliipenda kazi hiyo kuliko ilivyostahili kupendwa, na ni afadhali niliseme hilo mapema. Familia zilikuja na majina sitini, na mimi nilikaa kwenye benchi na kalamu nikiwapunguza. Watu walinibembeleza, wakanililia, wakanikumbusha walivyonibeba mgongoni. Na walinidanganya, wacha tu. Kwa kuwa wafanyakazi wa mazishi hawakuhesabiwa, kila mtu akawa mfanyakazi. Kuna mazishi yaliyokuwa na wachimba kaburi kumi na tisa na jembe moja. Kuna kwaya nzima iliyokuja kama wabeba jeneza, ikabeba kwa sauti nne. Mimi, kwa kuwa nilitaka kuonekana mwerevu, ndiye niliyemwambia naibu wa chifu kwamba wachimbaji wahesabiwe, maana mianya ilikuwa imezidi. Alinisifu mbele ya watu. Siku hiyo nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo, nikamweleza Mama Mdogo jikoni kwake, naye akasema, "Kalamu yako ni kali, nyathina," yaani mtoto wangu, akanikatia kipande kikubwa cha samaki.

Jiko lake ndilo lililokuwa sebule ya boma letu. Mama alikuwa na nyumba kubwa yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, lakini hakuna aliyekaa huko isipokuwa wageni. Kila jioni Mama alivuka ua na kigoda chake na kukaa mlangoni mwa jiko la Mama Mdogo, na hapo kugombana kukaanza. Waligombania chumvi, kuku, njia sahihi ya kukausha omena, nani alimwoa nani kule Muhoroni mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa. Mama alikuwa na mdomo mkali. Silaha yake ya mwisho ilikuwa moja: "Nikifa, usikanyage matanga yangu." Alimwambia hivyo Mama Mdogo kwa sababu ya jogoo aliyekula mahindi yaliyoanikwa. Alinifokea mimi hivyo kwa sababu nilinyoa nywele. Mama Mdogo alijibu kila mara, "Nitakuja na nitakula," na Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Ukiniuliza leo mapenzi ni nini, nitakuonyesha vile vigoda viwili.

Mama alikuwa na kisukari. Mwezi wa tatu wa mimi kuwa nyumbani alikuwa ameacha kwenda kliniki. Alisema huko ndiko korona ilikokaa, na kwamba mtu akienda na kidonda cha mguu anaandikwa korona, anapelekwa karantini, na akifa huko anafungwa kwenye plastiki na kuzikwa na watu wasiomjua. Hakuwa peke yake. Kijiji kizima kiliiogopa karantini kuliko ugonjwa wenyewe; watu walikohoa ndani ya mito ya kulalia ili majirani wasisikie. Nilimwambia nitampeleka mwenyewe. Akaniuliza kama ni mimi nitakayemlinda au ni kalamu yangu. Basi akakaa kitandani, mguu umevimba, pumzi fupi, akinywa maji ya mwarobaini na limau, na Mama Mdogo akawa ndiye anayevuka ua na uji wa wimbi, asubuhi na jioni, akimwosha na kumgeuza. Nilikuwa sebuleni, nyuma ya pazia, niliposikia wakisemezana kwa mara ya mwisho.

"Mikayi, wewe unaisha," Mama Mdogo alisema. Mikayi ni mke wa kwanza, na ndivyo alivyomwita kwa miaka yote. "Mimi naita gari ya hospitali."

"Ita. Ukiita hiyo gari, usikanyage matanga yangu."

"Sawa, nitakosa. Lakini uwe umepona."

"Sichezi na wewe, Nyar Sakwa. Leo sichezi. Ukiita, usikanyage."

Nami nyuma ya pazia nilitabasamu. Nilidhani ni wimbo uleule. Siku ya pili Mama hakuweza kumeza uji, Mama Mdogo akaita gari. Walikuja watu wawili wamevaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, macho tu yakionekana nyuma ya plastiki, na Mama alipowaona aligeuza uso kwa Mama Mdogo na kumtazama. Hakuwa na pumzi ya kusema. Mama Mdogo alikimbia nyuma ya gari na kikapu chenye leso, kikombe na sabuni mpaka langoni, wakakataa kikapu. Siku ya tatu hospitali ikanipigia simu. Walisema majibu ya kipimo hayajatoka, na kwa hiyo mwili utashughulikiwa kama wa korona, utaletwa kesho asubuhi, uzikwe ukifika. Mama Mdogo alisikia kutoka usoni mwangu. Alianza kupiga nduru, kile kilio cha juu ambacho huwaambia majirani kwamba boma limepigwa, halafu akakumbuka kwamba watu wangekusanyika, akajiziba mdomo kwa leso. Nilimwona akilia ndani ya leso, mabega yakiruka.

Mchana huo nilikaa kwenye benchi ileile ya ofisi na kuandika orodha ya mama yangu. Nilianza na mimi. Wajomba watatu, ndugu za Mama, maana bila wao hakuna mazishi. Dada yake Mama. Mzee Okumu, kaka yake baba, na ndugu zake wawili. Mhubiri. Mzee wa kijiji. Wachimba kaburi wanne, ambao sasa walihesabiwa kwa sababu yangu. Kumi na wanne. Nafasi moja ilibaki, na kalamu ilikuwa tayari inaelekea kuandika jina la Mama Mdogo, simu ikalia. Ilikuwa Omolo. Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu, alilia mpaka nikaiondoa simu sikioni. "Awuor, nitafutie mtu ya kunishikia simu. Nione tu Mama akishuka. Usiponionyesha hiyo, mimi sitawahi kubali amekufa." Nilimwambia nitashika mwenyewe. Akasema nitakuwa nalia, nitaiangusha, na simu yangu ni ile ndogo ya tochi, isiyopiga video. Alisema kweli. Kwa hiyo jina la kumi na tano likawa la fundi wa simu wa pale ufukweni, ambaye alikuwa na simu nzuri na mikono isiyotetemeka. Nikajiambia: Mama Mdogo yuko nyumbani, hahitaji kuandikwa. Mlango wake na kaburi ni hatua thelathini. Atatoka tu, nani atamuuliza?

Nilimpata akifagia ua. Ningeweza kumweleza mambo yote, nafasi, Omolo, fundi. Badala yake nilimwambia, "Mama, jina lako halikutoka kwenye orodha." Nilisema hivyo kana kwamba orodha ilishuka kutoka Nairobi kwa ndege. Niliona aibu, na aibu ilinifanya nitumie sauti ya ofisini. Alisimamisha ufagio. Aliuliza, "Halikutoka?" Nikasema halikutoka. Akatazama nyumba ya Mama, akasema, "Sawa, nyathina. Nimesikia." Kisha akauliza watakuwa watu wangapi. Nikamwambia kumi na watano. Akaendelea kufagia.

Asubuhi gari lilikuja na mkuu wa afya ambaye hakutaka mchezo. Alisoma majina langoni, akahesabu vichwa, kisha akaagiza milango ya nyumba zote bomani ifungwe, kwa sababu alikuwa amechoka na watu wanaojifanya wako ndani. Nilisikia mlango wa Mama Mdogo ukifungwa. Sikugeuka. Ningeweza kusema, "Huyo ni mke mwenza, ni mama, mwingize yeye, mimi nitoke." Hiyo ndiyo sentensi ninayoiota. Nje ya ua wa mimea watu walikuwa wamejaa, wengine wamepanda kwenye mikokoteni, wakiimba kwa midomo iliyofungwa, na mkuu wa afya akajifanya hasikii. Mhubiri alisema maneno ya dakika tano. Tuliona jeneza likishuka, tukatupa udongo, watu wenye nguo nyeupe wakanyunyiza dawa mpaka nguo zetu zikanuka klorini. Fundi wa simu alisimama imara kabisa, mkono umenyooka. Moshi ulikuwa unatoka juu ya jiko la Mama Mdogo, nami nikajiuliza ni nani anayepika siku kama hii. Baadaye Omolo aliniambia kwamba mtandao ulikatika mwanzoni kabisa. Picha iliganda kwenye viatu vya mhubiri, na kaka yangu alimzika mama yake akitazama viatu vya mhubiri.

Watu walipofukuzwa, maana ndilo neno, nilivuka ua na kugonga jikoni. Alifungua. Alikuwa amepika mbuta wa kukaanga, sukuma wiki, na ugali mkubwa uliokuwa umekwisha kukauka ngozi. Kwenye mkeka alikuwa amepanga sahani. Sikuwa na haja ya kuzihesabu, lakini mkono uliozoea orodha huhesabu wenyewe. Kumi na tano. Yake haikuwepo. Nilimwambia serikali imekataza chakula matangani. Akasema, "Ala. Hata hiyo?" Akanivutia kigoda, akaniwekea samaki kwenye sahani moja, akakaa akinitazama nikila, na zile kumi na nne zikabaki tupu mbele yetu. Nilikula chote. Nilikuwa na njaa, Mungu anisamehe.

Majibu ya kipimo yalikuja baada ya majuma matatu kwa ujumbe wa simu. Mama hakuwa na korona. Daktari aliyenipigia baadaye alisema ni sukari, na kwamba kama angefika siku chache mapema huenda angeishi. Nilimwambia Mama Mdogo, nikifikiri itamfariji kwamba alifanya vyema kuita gari. Alichukua ndoo yake akaenda kisimani. Hoteli ilifunguliwa, nikarudi Kisumu, barakoa zikatoweka moja moja, mitungi ya kunawia ikawa ya kuwekea maji ya kuku, na tukaanza kusema "ule mwaka" kana kwamba ulikuwa wa watu wengine. Nilipokuwa nikienda nyumbani na sukari, mkate na sabuni, niliona kwamba Mama Mdogo hapiti karibu na kaburi la Mama. Akienda kisimani alizunguka nyuma ya nyumba yake mwenyewe, njia ndefu yenye miiba. Nilidhani ni huzuni. Halafu mvua moja, mwaka wa tatu baada ya mazishi, nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko na beseni la omena nikamsikia Mama Apiyo akimuuliza ndani, "Kwani wewe na Mikayi kulikuwa na nini? Hata majani kwa kaburi yake hugusi."

"Alinikataza," Mama Mdogo alisema. "Niliita ile gari, akaniapia nisikanyage. Na alienda na hiyo neno mpaka hospitali, akaachia mtoto. Mtoto alikuja akaniambia jina yangu haijatoka. Alikuwa anaogopa kunitajia mama yake, lakini nilijua. Neno ya mtu anakufa, utafanya nini nayo?"

"Na hukumuuliza Awuor?"

"Nimuulize aseme mama yake alinikataa? Hapana. Huyo mtoto amebeba vya kutosha."

Hapo ndipo nilipaswa kuingia. Mlango ulikuwa wazi, mvua ilikuwa inaninyeshea, beseni lilikuwa zito, kila kitu kiliniambia ingia. Kwetu neno la kuapia linalosemwa na mtu anayekaribia kufa si mchezo. Linaweza kumfunga mtu mpaka naye afe, na mwanamke huyu alikuwa amefungwa na neno ambalo mwenyewe Mama angelicheka. Lakini nikiingia ningelazimika kusema kwamba nafasi yake nilimpa fundi wa simu. Na kulikuwa na jambo lingine baya zaidi: machoni pake nilikuwa binti mtiifu aliyebeba siri ya mama yake kwa huruma. Nilipapenda hapo. Nilikaa nyuma ya jiko mpaka walipohamia habari za mahindi, ndipo nikaingia na omena. Nikajiambia nitamweleza Krismasi. Krismasi kulikuwa na wageni. Nikasema Pasaka, na hivyo miaka mitatu ikapita. Kila mara nilimletea sukari zaidi, mpaka akaniuliza kama nataka naye augue kama Mikayi.

Nilifika nyumbani Alhamisi hiyo mchana. Mahema manne yalikuwa yamesimamishwa, magari yamejaa mpaka barabarani, ng'ombe amechinjwa, watu wakikumbatiana, wakitemeana vicheko usoni, viganja kwa viganja. Hakuna aliyekuwa amehesabiwa. Mzee Okumu alikuwa amekaa na wazee wenzake karibu na nyumba ya Mama Mdogo, majembe yamelazwa chini, na ninaamini nusu ya hasira yake ilitokana na chakula kuchelewa. "Awuor, tusaidie," alisema. "Upande ile ni ya mwanaume. Tukimweka hapo tunaleta maneno kwa boma. Na tukikataa, tumekataa neno ya maiti. Sasa yeye alikuwa anataka nini?" Nikamwambia alikuwa hataki kulala akitazamana na Mama, kwa sababu alidhani Mama alimfungia mazishi yake. Wazee wakaguna. Mzee mmoja akasema, basi kama Mikayi alikataza, hayo ni mazito. Nikasema Mama hakuacha neno lolote. Alisema kwa hasira kitandani, kama alivyowaambia wote, na hospitalini hakupata hata pumzi ya kumtaja mtu. "Orodha niliandika mimi," nikasema. "Nilimwacha nje mimi. Nafasi yake nilimpa mtu ya simu. Halafu nikajua anafikiri ni Mama, na nikanyamaza."

Mzee Okumu aliwageukia wenzake, kisha mimi. Aliuliza, "Na yeye hakuambiwa?"

"Hakuambiwa."

"Basi enda umwambie. Ndipo tuchimbe."

Jeneza lilikuwa sebuleni kwake, kifuniko kimefunguliwa usoni, na akina mama wameketi sakafuni wakiegemea ukuta. Nilipiga magoti nikamwambia yote, kwa Kijaluo, kwa sauti ya nyumbani safari hii: benchi, Omolo, fundi, beseni la omena, mvua. Nilimwambia Mama hakumkataa. Nilimwambia vile Mama alivyomtazama siku ya gari, huenda ilikuwa kuaga tu. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa vizuri kwa leso. Nilikuwa nimetegemea kitu, sijui nini, labda kifua kiwe chepesi. Hakikuwa. Mama Apiyo, aliyekuwa karibu na miguu ya jeneza, alisubiri mpaka nimalize. "Ungemwambia akiwa na masikio," alisema, bila ukali wowote, akanisogezea nafasi sakafuni nikae.

Walichimba kushoto, kuelekea kwa Mama. Nilisikia majembe kutoka ndani. Jioni Mzee Okumu alimtuma mtu aniite, kwa kuwa kila mtu bado anajua nani ana mwandiko mzuri katika boma hili. Walinipa msalaba wa mbao, kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo. Nikaulizwa kama nataka niandikiwe kwanza kwa penseli, nikakataa. Niliandika jina la Mama Mdogo polepole, herufi moja moja, nikiukaza mkono. Roza Aoko. Lilikuwa jina fupi. Lingeenea popote.